Mjusi wa Udongo: Habari za Bernard Palissy na Kazi Yake

1. UDONGO NA MOTO

Hakuna mwanafunzi asiyejua chungu au mtungi wa udongo. Katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki wafinyanzi, ambao wengi wao ni wanawake, huchimba udongo wao, huutoa mawe, huukanda, huufinyanga kwa mikono, kisha huvichoma vyombo kwa kuni na majani makavu. Wakisi wakaao kando ya Ziwa Nyasa na Wapare wa milimani wanasifiwa sana kwa kazi hiyo.

Mtungi una tabia moja ijulikanayo na kila mtu: hutoka jasho. Sababu yake ni kwamba udongo uliochomwa una vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Maji hupenya humo polepole hata yakafika nje. Hapo hewa huyakausha, nayo katika kukauka huchukua joto la mtungi. Ndiyo maana maji ya mtungi huwa baridi hata siku ya jua kali. Lakini tabia hiyo iliyo faida kwa maji ni hasara kwa vitu vingine. Mafuta na maziwa hunywewa na udongo, na chombo hakisafishiki vizuri.

Watu wa kale wa Iraki, Uajemi na China walivumbua dawa ya jambo hili. Walisaga mchanga pamoja na vitu vingine, wakaupaka unga wake juu ya chombo, wakakitia motoni. Unga ukayeyuka, na ulipopoa ukawa ngozi nyembamba ya kioo iliyoshikamana na udongo. Bakuli za namna hiyo zililetwa kwa majahazi hata pwani ya Afrika ya Mashariki. Wenyeji walizipenda mno, hata wajenzi wakazipachika katika kuta na nguzo za makaburi ya mawe, kama yale ya Kunduchi karibu na Dar es Salaam. Hata mahali ambapo bakuli imeng'olewa, tundu lake la mviringo laonyesha mahali ilipokuwa.

Basi katika karne ya 16, mbali sana na pwani hiyo, mtu mmoja wa Ufaransa aliona chombo chenye ngozi ya kioo, na maisha yake yakageuka. Katika somo hili tutajifunza habari zake, na jinsi alivyofanya mijusi, nyoka na samaki wa udongo ambao mtu akiwatazama hudhani watatambaa.

2. KIKOMBE CHEUPE

Bernard Palissy alizaliwa kusini-magharibi ya Ufaransa karibu na mwaka 1510. Hakuwa mtu wa ukoo mkubwa, wala hakujua Kilatini, lugha ambayo wenye elimu wa siku zile waliandikia vitabu vyao. Kazi aliyojifunza ujanani ilikuwa kupaka rangi vioo vya madirisha. Tena alijua kupima mashamba na kuchora ramani zake. Alikaa katika mji wa Saintes pamoja na mkewe na watoto wake.

Yapata mwaka 1540 alionyeshwa kikombe cha udongo kilichofinyangwa vizuri, na ngozi yake ya kioo ilikuwa nyeupe, nzuri ajabu. Tangu saa ile moyo wake haukutulia. Alitaka kuijua siri ya weupe ule, apate kufanya vyombo visivyopata kuonekana katika nchi yake. Wakati huo hakujua hata kufinyanga, wala hakujua tabia za udongo. Yeye mwenyewe aliandika baadaye ya kuwa alianza kutafuta kama mtu apapasaye gizani.

Lakini hakutafuta ovyo. Alinunua vyungu, akavivunja vigae. Juu ya kila kigae alipaka mchanganyiko mmoja wa dawa alizozisaga, akakitia alama, kisha akaandika katika daftari dawa alizotia. Halafu alivichoma vyote, akavitazama kimoja kimoja. Kwa njia hii hata kigae kilichoharibika kilikuwa na faida, kwa kuwa kilimwonyesha mchanganyiko mmoja usiofaa, naye hakuwa na haja ya kuujaribu tena.

Miaka ikapita. Moto wa tanuru lake haukutosha. Akapeleka vigae kwa wafinyanzi, na moto wao nao ukawa mdogo. Fedha zilipokwisha aliacha kutafuta kwa muda, akaenda kupima mashamba ya chumvi ya pwani kwa amri ya mfalme, apate kuilisha nyumba yake. Alipolipwa alirudia kazi. Safari hii aliwaendea watengenezaji wa vioo, ambao moto wao ulikuwa mkali zaidi, naye akaona baadhi ya dawa zake zimeanza kuyeyuka. Akaendelea tena miaka miwili. Mwishowe alipeleka kwa mara moja vigae zaidi ya 300, kila kimoja na dawa yake. Baada ya saa nne motoni, kigae kimoja kilitolewa, na kilipopoa kilikuwa cheupe, laini, chenye kung'aa. Palissy alijiona kama mtu aliyezaliwa upya.

3. MEZA NDANI YA TANURU

Lakini kigae kimoja si chombo. Ili kuchoma vyombo vizima ilimpasa apate tanuru lake mwenyewe lenye moto kama ule wa watengenezaji wa vioo. Hakuwa na fedha za kuwalipa wasaidizi. Kwa hiyo alilijenga peke yake. Alikwenda kuchukua matofali na kuyabeba mgongoni, akachota maji, akakoroga udongo wa kujengea. Dawa zilizotakiwa kusagwa kwa kinu kilichozungushwa na wanaume wawili wenye nguvu, alizisaga yeye mmoja.

Tanuru lilipokuwa tayari alipanga vyombo ndani, akawasha moto. Akakaa mbele yake siku 6, usiku na mchana, akitia kuni kwa vinywa vyake viwili, lakini dawa haikuyeyuka. Akadhani ametia kidogo mno kitu kile kinachoyeyusha vingine. Basi, moto ukiwa unawaka bado, akasaga dawa nyingine upya, akanunua vyungu vingine, akavipaka, akavitia tanuruni.

Hapo kuni zikaisha. Moto ukipoa katikati, kazi yote huharibika, wala haiwezekani kuendelea kesho yake pale ilipoachwa. Palissy akang'oa miti iliyoshikilia ua wa bustani yake, akaichoma. Nayo ilipokwisha, akachoma meza za nyumba, na baada ya meza akang'oa mbao za sakafu. Majirani walikimbia mjini wakipiga kelele ya kuwa amerukwa na akili, anachoma nyumba yake. Shati lake lilikuwa halijakauka jasho zaidi ya mwezi mmoja. Alikonda hata miguu yake ikawa sawasawa juu na chini, na kamba alizofungia soksi ziliteremka mpaka kwenye visigino alipotembea.

Msomaji, usifikiri ya kuwa alikuwa peke yake katika taabu hiyo. Mkewe alimlaumu, nasi tusimwone kuwa mwanamke mbaya. Chakula cha watoto kilikuwa kikigeuka moshi mbele ya macho yake, na miaka mingi alikuwa ameambiwa ya kuwa safari hii kazi itafaulu. Fundi mmoja wa kufinyanga aliyeajiriwa kwa muda wa miezi 6 alilipwa kwa nguo za Palissy mwenyewe, kwa kuwa fedha hazikuwapo. Tukisifu subira ya mtu huyu, yatupasa kukumbuka pia subira ya wale waliokaa naye.

Baada ya hayo alijenga tanuru jingine. Watu waliomdai fedha walingoja kwa furaha siku ya kulifungua, wakitumaini kulipwa. Lakini katika chokaa ya kuta zake mlikuwa na mawe ya gumegume. Moto ulipozidi, mawe yalipasuka, vipande vyake vikaruka na kunasa katika ngozi ya kioo iliyokuwa imeyeyuka. Kila chombo kilitoka na miiba iliyokata vidole kama nyembe. Wengine walitaka kuvinunua kwa bei ndogo. Palissy hakukubali kuuza kazi mbovu kwa jina lake. Alivivunja vyote, akaingia kitandani kwa huzuni. Kisha akaondoka, akaanza tena.

4. VIUMBE KATIKA JASI

Kwa jumla alijitaabisha miaka 15 au 16. Katika miaka hiyo alijifunza pia kazi iliyolifanya jina lake likumbukwe mpaka leo. Hakutaka kufanya sahani nyeupe tupu. Alipenda sana kutembea kando ya mito na madimbwi ya nchi yake, akitazama vyura, mijusi, nyoka, samaki, kamba wa mtoni, kobe, makombe, na majani ya kangaga. Akakusudia kuvionyesha vitu hivyo vyote katika udongo, kila kimoja kwa umbo lake na rangi yake. Sahani yake kubwa ilikuwa kama dimbwi dogo: katikati nyoka juu ya kisiwa, samaki wakimzunguka majini, na pembeni mijusi na majani.

Namna ya kufanya kazi hiyo twaijua kwa kalibu zilizofukuliwa Paris, mahali karakana yake ilipokuwa, na kwa maandiko ya mafundi wa zama zile. Fundi alimchukua mjusi aliyekufa karibuni, kabla mwili haujaharibika. Alimlaza juu ya sahani ya bati, akampanga kama mjusi aliye hai: kichwa kimeinuka, mkia umepinda, kila kidole mahali pake. Akamshikiza kwa sindano na nyuzi nyembamba, akampaka mafuta kidogo ili asigandamane na jasi.

Jasi ni jiwe jeupe jororo. Likichomwa kwa moto mdogo hutoka maji yaliyomo, nalo husagika kuwa unga. Unga huo ukikorogwa na maji huwa kama uji, na baada ya dakika chache huanza kuganda hata ukawa jiwe tena. Fundi aliumwaga uji huo juu ya mjusi. Ukaingia kati ya magamba yake yote, ukaganda. Akatoa mwili, na ndani ya jasi likabaki tundu lenye umbo la mjusi kamili. Hiyo ndiyo kalibu.

Sasa alichukua udongo mlaini uliokandwa hata hauna hewa wala kijiwe ndani yake, akaubonyeza katika kalibu kwa kidole gumba, polepole, ili ufike katika ncha ya kila ukucha. Jasi kavu hunywa maji. Kwa hiyo udongo ulipokaa ndani yake kwa muda ulipoteza maji kidogo, ukasinyaa, ukaachana na kalibu wenyewe. Fundi akautoa mjusi wa udongo, akamtengeneza kwa kijiti, akamtia juu ya sahani ya udongo, akamgandisha kwa udongo mwepesi kama uji. Ilimpasa aangalie ya kuwa mjusi na sahani vina unyevu sawasawa. Kimoja kikiwa kikavu kuliko kingine, vitaachana.

5. SUBIRA YA KUKAUSHA

Mtu asiyejua kazi huona ya kuwa sasa imekwisha, na kwamba kilichobaki ni moto tu. Lakini hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa haraka ya mwenyewe.

Udongo mbichi umejaa maji kati ya chembe zake. Maji yakitoka, chembe hukaribiana na udongo hupungua ukubwa. Mkia wa mjusi ni mwembamba, hukauka upesi. Tumbo lake ni nene, hukauka kwa kuchelewa. Mkia ukipungua wakati tumbo halijapungua, udongo hupasuka mahali viwili hivyo vinapokutana. Kwa sababu hiyo fundi hufunika sehemu nyembamba kwa kitambaa chenye unyevu, akaiweka sahani kivulini mbali na upepo, akangoja siku nyingi hata unene wote ukauke pamoja. Wafinyanzi wa Afrika hufanya vivyo hivyo wanapofunika mdomo wa mtungi kwa majani mabichi au kitambaa huku wakijenga sehemu nyingine.

Hata chombo kinachoonekana kikavu huwa na maji kidogo ndani. Joto likifika digrii 100, maji hayo hugeuka mvuke, na mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,000 kuliko maji. Ukikosa njia ya kutoka hukipasua chombo kwa kishindo. Basi moto wa kwanza sharti uwe mdogo sana kwa saa nyingi. Ukipita digrii 500, udongo huanza kubadilika wenyewe, wala hautarudi tena kuwa tope hata ukitiwa majini. Ukifika karibu na digrii 1,000 huwa mgumu na kulia kama kengele ukigongwa.

6. RANGI ZITOKAZO KATIKA MADINI

Baada ya moto wa kwanza huja rangi. Rangi za kawaida za majani na maua haziwezi kutumika, maana zingeungua zote. Fundi hutumia madini.

Mwanzo wa ngozi ya kioo ni mchanga mweupe uliosagwa. Lakini mchanga peke yake hauyeyuki mpaka joto lipite digrii 1,700, na katika moto wa namna hiyo udongo wa kawaida wenyewe ungeharibika. Kwa hiyo hutiwa kitu cha kuuyeyusha upesi, na mafundi wa siku zile walitumia risasi, ambayo huufanya mchanga uyeyuke hata kabla ya digrii 1,000. Shaba kidogo huleta kijani cha mjusi na cha majani. Chuma huleta manjano na hudhurungi. Manganisi huleta rangi ya kahawia au ya zambarau. Kobalti huleta buluu ya maji. Bati huleta ule weupe aliouona Palissy katika kikombe.

Yapasa tujue ya kuwa risasi ni sumu. Mafundi wengi wa zamani waliisaga kwa mikono mitupu na kuvuta vumbi lake, nao walidhurika. Siku hizi wafinyanzi waangalifu hawaitumii katika vyombo vya chakula, na watoto hawaruhusiwi kuigusa kabisa.

Tena kuna shida nyingine. Fundi anapopaka, haoni rangi atakayoipata. Unga wa shaba uwezao kuonekana mweusi katika bakuli ndio utakaokuwa kijani baada ya kuchomwa. Mchoraji wa karatasi hutazama kazi yake ikikua chini ya mkono wake. Mfinyanzi hupaka kwa kukumbuka daftari lake, kisha hufunga mlango wa tanuru na kungoja.

7. MJUSI NA NYOKA KATIKA MOTO MMOJA

Sasa tufikiri. Kama sahani ingekuwa na rangi moja, fundi angeitoa wakati rangi hiyo ilipoyeyuka vizuri. Lakini sahani ya Palissy ilikuwa na viumbe vingi, na kila kiumbe kilikuwa na rangi yake, na kila rangi ilikuwa na saa yake ya kuyeyuka. Palissy aliandika habari ya taabu hii katika kitabu chake. Kijani cha mijusi kiliungua kabla rangi ya nyoka haijayeyuka. Na rangi za nyoka, kamba na kobe ziliyeyuka kabla weupe haujapata uzuri wowote. Akiongeza moto, mjusi aliharibika. Akipunguza, weupe ulibaki kama chokaa.

Alifanyaje? Hakukuwa na njia ila kurudi kwenye vigae na daftari. Katika rangi iliyoyeyuka mapema alipunguza kiyeyushi. Katika ile iliyochelewa alikiongeza. Akajaribu tena na tena, hata rangi zote zikaafikiana kuyeyuka pamoja katika moto mmoja.

Hata hapo matata hayakwisha. Majivu yaliruka na miali ya moto, yakaangukia vyombo na kuvifanya vikwaruze kama msasa. Kwa hiyo alifanya makasha ya udongo ya kufunikia kazi yake tanuruni. Mvua na upepo viliingia, kwa kuwa tanuru halikuwa na paa la kutosha. Usiku alikesha peke yake, bundi wakilia upande mmoja na mbwa wakibweka upande mwingine. Na moto ulipokwisha ilimbidi angoje tanuru lipoe lenyewe. Ukilifungua mapema, hewa baridi huipiga ngozi ya kioo, nayo hupasuka ikatoa mistari myembamba kama utando wa buibui, au chombo chote huvunjika.

8. MACHO YALIYOZOEA KUTAZAMA

Mwishowe kazi ya Palissy ilipata sifa. Anne de Montmorency, aliyekuwa mkuu wa majeshi ya Ufaransa, alimwagiza kazi. Palissy alikuwa Mprotestanti, na vita vya dini vilipotokea katika nchi yake tangu mwaka 1562 alitiwa gerezani, akaokolewa na wakuu waliopenda kazi yake. Alipewa cheo cha mfanyaji wa sanamu za udongo wa mfalme, akahamia Paris, akafanya kazi karibu na jumba la Tuileries kwa ajili ya Catherine de Médicis, mama yake mfalme.

Huko Paris, tangu mwaka 1575, alianza kufundisha watu habari za maji, mawe na udongo. Wenye elimu walilipa ili wamsikilize, naye aliahidi kuwarudishia mara nne ikiwa watamwonyesha uongo katika maneno yake. Mwaka 1580 aliyatoa mafundisho hayo katika kitabu. Aliandika ya kuwa maji ya chemchemi hutoka katika mvua inayozama ardhini, na ya kuwa makombe yaliyogeuka mawe, yaonekanayo ndani ya miamba, yalikuwa zamani makombe ya viumbe hai. Wengi wa siku zile hawakukubali. Lakini Palissy alikuwa ameshika mamia ya makombe mikononi, akayatia katika jasi, akaitazama kila mifuo yake. Alipoona kombe ndani ya jiwe alilijua, kama wewe uwezavyo kulijua jembe lako kati ya majembe mengi.

Alipokuwa mzee alifungwa tena kwa ajili ya imani yake, akafa katika gereza la Bastille karibu na mwaka 1590.

Katika kitabu chake alitaja madini aliyotumia, lakini hakuandika vipimo vyake. Basi elimu hiyo nyingi ikapotea pamoja naye. Mfinyanzi mwingine wa Ufaransa, Charles-Jean Avisseau wa mji wa Tours, aliona kazi ya Palissy mwaka 1825, akatamani kufanya kama yeye. Naye ilimpasa kujaribu kwa miaka mingi kabla hajafaulu. Daftari moja lililohifadhiwa lingalimpunguzia taabu hiyo. Mwanafunzi ajuaye kusoma na kuandika afikiri jambo hili anapoona bibi yake akichagua udongo au akipima majani ya dawa.

Leo sahani za Palissy na za waliomfuata zimewekwa katika nyumba za makumbusho, kama ile ya Louvre huko Paris. Vipande vya kalibu vilivyofukuliwa mahali pa karakana yake vyaonyesha bado magamba ya samaki na mishipa ya majani.

9. JARIBU MWENYEWE

Tafuta udongo wa mfinyanzi mtoni au katika kichuguu. Uponde, utoe mawe na mizizi, uukande mpaka uwe mlaini. Ufanye bapa nene kama kidole chako. Chukua jani lenye mishipa iliyotokeza, ulilaze juu yake upande wa mishipa ukiangalia chini, ulikandamize kwa chupa ya mviringo, kisha ulivute taratibu.

Kata bapa vipande vitatu. Kimoja kiweke juani. Cha pili kiweke kivulini. Cha tatu kiweke kivulini na kukifunika kwa kitambaa chenye unyevu, ukikifunua kidogo kila siku. Andika katika daftari siku ya kuanza, na kila asubuhi andika unaloliona. Baada ya juma moja viweke vyote mbele ya mwalimu, umweleze kila kimoja kimekuwaje, na sababu yake.

MASWALI

1. Kwa nini maji ya mtungi huwa baridi?
2. Palissy alifanya nini ili asirudie mchanganyiko usiofaa?
3. Kwa nini alichoma meza na sakafu ya nyumba yake? Je, ungekuwa mkewe ungemwambia nini?
4. Eleza jinsi kalibu ya jasi inavyofanywa.
5. Mkia wa mjusi wa udongo hupasuka kwa sababu gani, nasi twawezaje kuuzuia usipasuke?
6. Ni hasara gani iliyopatikana kwa kuwa Palissy hakuandika vipimo vya dawa zake?